Aliyenifariji kwa Maandiko Ndiye Aliyenitia Kinyaa

Admin, nakuomba jina langu ulifute kabisa, maana kanisani kwetu wengi wanaufuata ukurasa huu. Na majina nitakayoyataja nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na minne, Mkristo, mzaliwa wa Ukambani. Naishi Mji wa Kale hapa Mombasa, chumba cha juu katika nyumba ya Bi Rukia. Mume wangu alikuwa karani bandarini Kilindini. Mwaka jana alitoka asubuhi akisema kifua kinambana. Mchana nikapigiwa simu niende hospitali, nikafika nikakuta ameshafunikwa shuka. Tukamzika kwao, nikarudi na watoto wawili na kitanda kilichokuwa kikubwa kupita kiasi.

Mtu asije akaniambia kwamba Neno la Mungu halifariji. Mimi lilinifariji, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Kanisa letu lina kamati ya faraja, na kiongozi wake ni Mzee Filipo, mtu wa makamo, ana mke na watoto wakubwa. Mwanzoni alikuja na akina mama wawili. Alisoma kwa sauti nzito, taratibu, Biblia ya marehemu mume wangu ikiwa magotini mwake. Aliposoma pale Isaya anaposema ukipita katika maji mengi hutagharikishwa, nililia mpaka nikahisi kama nimeoshwa ndani. Usiku ule nililala. Nilikuwa sijalala vizuri tangu mazishi.

Baadaye wale akina mama wakaacha kuja, yeye akaendelea. Bi Rukia, mwenye nyumba wangu, aliniuliza mara moja, "Mwanangu, huyu mgeni wako wa Kitabu, mbona siku hizi yuwaja peke yake?" Nikamjibu, "Bi, ni mtumishi wa Mungu." Akatikisa kichwa, akaingia ndani kwake.

Kuna jambo nilikuwa naliona, nikajilazimisha kutoliona. Mzee Filipo alikuwa akilamba kidole kila anapofungua ukurasa, na kila akilamba hutazama kifua changu. Nikajiambia, huzuni imenitia dhana mbaya.

Siku moja alasiri, watoto wakiwa shuleni, alisoma habari za Ruthu mjane na Boazi, jinsi Ruthu alivyomwomba amfunike kwa vazi lake. Alipofika hapo akaacha kusoma. Kile kidole kibichi kwa mate nikakisikia gotini kwangu, kisha kiganja kizima, kikipanda. Akasema kwa sauti ileile ya kusomea, "Dada, faraja si ya roho peke yake. Na mwili nao una kilio chake. Bwana amenituma kwako."

Nilisimama, mwili wote unanisisimka kama nimekanyaga kitu kilichooza. Nikamwambia, "Mzee, toka nyumbani kwangu."

Mnajua alifanya nini? Hakuona haya. Alifunga Biblia polepole akasema, "Hatuwezi kuachana bila maombi." Akafumba macho, akamwomba Mungu aniondolee roho ya uchungu na ukaidi! Mimi nimesimama nimeushikilia mlango wazi, naye anamalizia kwa amina, anavaa viatu, anashuka ngazi akimsalimia Bi Rukia kwa heshima zote. Nilitapika. Nikasugua goti kwa dodoki mpaka ngozi ikawasha.

Nilimwendea mke wa mchungaji. Akanisikiliza akichezea pete yake, kisha akasema, "Dada, Maandiko yanatwambia upendo husitiri dhambi. Na wewe nawe, ulimkaribishaje mwanamume chumbani peke yako?" Nikaondoka bila kuaga. Hiyo ilikuwa mara ya pili kupigwa kwa Neno lilelile.

Lakini lililoniumiza zaidi ni hili: kila nikifungua Neno, nasikia sauti yake. Nikijaribu Isaya, ni yeye anayesoma. Nikifungua Zaburi, namwona analamba kidole. Nikaiweka Biblia ya mume wangu juu ya kabati, nikakaa wiki nyingi na hasira tupu, hata machozi ya kumlilia marehemu yakanikauka.

Mama yangu, ambaye hajui kusoma, akanipigia simu kutoka nyumbani. Nikamwambia, "Mama, siwezi tena kuomba." Hakuuliza kwa nini. Alianza kuisema ile Zaburi ya ‘Bwana ndiye mchungaji wangu’ kwa Kikamba, aliyoihifadhi moyoni tangu ujana wake, akikohoa katikati, kuku wakilia nyuma yake. Alipofika penye bonde la mauti nikalia kwa sauti. Ilikuwa sauti ya mama, si ya yule mtu. Tangu siku hiyo najisomea mwenyewe, kwa sauti. Jumapili jioni watoto wakila mihogo kule Mama Ngina kando ya bahari, mimi nakaa juu ya ukuta nasoma kwenye simu yangu. Mistari inanirudia mmoja mmoja. Isaya bado.

Nilidhani yamekwisha. Jumapili iliyopita mchungaji aliniita baada ya ibada. Mke wa dereva mmoja wa lori amefiwa na mumewe, binti wa miaka ishirini na tano, ana mtoto mchanga. Mchungaji akasema, "Dada, Jumamosi ufuatane na Mzee Filipo kwa yule mjane. Wewe ndiwe ushuhuda wetu." Mzee Filipo alikuwa pembeni yake. Akatabasamu, akasema, "Dada yangu huyu amepona kabisa." Mate ya kinyaa yalinijaa mdomoni.

Nikikataa, ataenda na mwingine, na baadaye atakwenda peke yake. Nikimwambia yule binti, atamwamini nani, mimi au mzee wa kanisa? Nikisema mbele ya kanisa, mke wa mchungaji ameshanionyesha nitakavyojibiwa. Na nikienda nikanyamaza, binti yule ataona mimi nimekaa kando ya mtu huyu nimetulia, naye atamfungulia mlango.

Wapendwa, Jumamosi si mbali. Mngekuwa mimi, mngeanzia wapi?