Supu ya Mdakakomba

Kitabuni unaitwa mdakakomba. Kwetu, mlimani juu ya soko la Muthara, tuliuita tu ule mti wa miiba, maana hupanda miti ya msituni kwa miiba iliyopinda, na ukikunasa utaacha kipande cha nguo. Utotoni tulitafuna matunda yake, yanawasha ulimi kama pilipili. Mizizi huchemshwa pamoja na mifupa, ikawa supu chungu ya kifua.

Mama alikuwa na kikohozi. Vidonge vya hospitali alimeza, lakini supu pia aliitaka, nami nikajitolea kuchimba. Mimi ni mwalimu wa bayolojia, na kiburi changu si kidogo.

Kanuni yake ni moja: shika mzizi, uufuate kwa mkono mpaka shinani, ndipo ukate. Pale pale huota mtambaazi mwingine wenye sumu, mbuzi wenyewe huukwepa, na mizizi ya hiyo miwili husukana udongoni. Mimi nilipiga picha ya majani kwa simu, mvua ikaanza, nikakata mzizi uliokuwa karibu. Haraka haraka haina baraka, nawaambia wanafunzi kila siku.

"Uliufuata mpaka kwa shina, mwalimu?" mama aliniuliza jikoni.

"Niliufuata."

Uongo ulitoka bila kukwama. Sufuria ilichemka karibu saa nzima, nami nimelikodolea macho lile povu. Kila alipokohoa nilitaka kusema, na kila nilipotaka kusema aibu ilinifunga mdomo.

Akachota vikombe viwili, akanipa kimoja. Nyumbani kwetu aliyechimba ndiye huonja kwanza, mgonjwa akimtazama.

Nilikishika kwa mikono miwili. Sumu ya mzizi haiui papo hapo, hilo nalijua. Ningemeza, ningebaki nimesimama wima, naye angekunywa kwa kuniamini.

"Mama, usinywe! Sikuufuata. Nilikata tu."

Alinitazama mpaka nikainamisha kichwa. Nilitamani anitukane. Badala yake alibeba sufuria akaimwaga yote chooni, akarudi ameshika ukuta, kikohozi kikimkata pumzi. Akaketi, akaanza kuvaa gambuti zake za mpira.

"Mama, mvua inanyesha!"

"Naiona," alisema. "Lakini wewe siwezi kukutuma tena."