Rugaibula Aomba Kodi

Rugaibula wa Izigo alikuwa mtu wa kibanja. Shamba lile la migomba na kahawa aliloachiwa na baba yake lilimmaliza mgongo. Miaka nenda miaka rudi alipalilia, akatandaza nyasi, akapunguza majani makavu, na wapita njia walisimama kusifu. Sifa hazijazi tumbo, lakini kusema kweli alizipenda.

Kisha serikali ya wenyeji ikaacha kodi ya kibanda, iliyomlipisha kila mtu sawasawa, ikataka kila mmoja alipe kwa kadiri ya mali yake. Kamati ya wazee wa kijiji, mwenyekiti wao Bartholomayo, ikazunguka kukadiria vibanja na kumpa kila mtu daraja lake. Kwa Rugaibula wazee walitazama ndizi, wakatazamana. Daraja la kwanza! Wale wale waliomsifu ndio waliomkamua. Mwaka huo kahawa yote ilikwenda, na mbuzi juu yake. Akabaki amechoka mwili na roho.

Makadirio mapya yalipokaribia, akaacha kupalilia.

"Baba Alistidia, magugu yanafika mlangoni," mkewe Theopista alimwambia.

"Yaache. Mwaka huu nataka kuwa maskini."

Kamati ilipokuja, Bartholomayo alipita katikati ya nyasi ndefu akitikisa kichwa kwa huruma. Siku ya baraza madaraja yalitangazwa mbele ya watu wote, ili mwenye pingamizi aseme.

"Rugaibula, daraja la mwisho," alisema Bartholomayo. "Mwenzetu amechoka, waitu, ndugu zangu. Kibanja kimemshinda."

Rugaibula aliinamisha uso kuficha furaha. Furaha yenyewe haikukaa. Mushumbusi, ndugu yake wa baba mmoja, aliyekuwa akiishi Nyanga bila ardhi ya urithi, alisimama pamoja na wazee wawili wa ukoo.

"Mmesikia wenyewe," alisema. "Baba yetu amezikwa katika kibanja kile, na babu pia. Asubuhi nimepita, sikuona kaburi hata moja kwa magugu. Kibanja cha makaburi hakiachwi mikononi mwa aliyeshindwa. Ukoo unipe mimi."

Wazee wa ukoo waliafiki kwa vichwa. Kwa Wahaya hilo si neno la mzaha. Rugaibula alikuwa amewaza kodi tu. Makaburi hayakumjia akilini hata mara moja, na aibu ya hilo ilimchoma kuliko hofu ya kufukuzwa.

"Hakijanishinda," alisema.

"Tumekiona kwa macho yetu," Bartholomayo alimjibu.

"Nilikiacha makusudi ili mnihurumie. Nimewadanganya. Nirudisheni daraja la kwanza, waitu. Nawaomba."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Nani amewahi kuomba kodi? Bartholomayo hakucheka. Alimrudisha daraja la kwanza, akamtoza na faini ya kusema uongo. Wazee wa ukoo wakamwachia kibanja, ila Mushumbusi awe anakuja kukikagua kila msimu.

Theopista alikuwa akimsubiri uani.

"Wamekuweka wapi?"

"Juu. Nimeomba mwenyewe."

Rugaibula alitamani kulala mpaka mvua za vuli. Badala yake alizunguka nyuma ya nyumba, akapapasa nyasi mpaka akalipata kaburi la baba yake, akapiga magoti, akaanza kung'oa.