Saruji Yangu na Sakafu ya Raya

Mwaka nilioanza kazi ya ujenzi huku kwa Waarabu, sisi tuliotoka Unguja tulikuwa tukipikia wali nazi ya unga, na muhogo tukiuota usingizini tu. Nazi nzima ilikuwa haijafika soko la Nizwa. Siku ya kwanza msimamizi akaniambia, "Lete saruji." Nikabeba mfuko wa simenti kichwani, najiona. Akapiga ukelele: "Hiyo simenti, ewe mwanamke! Saruji ni ule udongo uliochomwa!"

Neno langu la kwetu, huku ni kitu chengine! Tangu siku ile siamini jina la kitu mpaka nikipapase.

Nizwa nilipigilia sakafu, yaani kuitwanga chokaa na kokoto kwa vigongo mpaka ikaze kama jiwe. Nikapelekwa Ibra, kisha Sur, ambako msimamizi mkuu aliwaambia mafundi, "Hapamwagwi kitu kabla bibi huyu hajainama akapapasa." Kusoma sijui sana. Mikono yangu inasoma.

Mwezi uliopita mjukuu wangu Raya alinipandisha mlimani Jabal Akhdar, anakomjengea nyumba mama yake, mwanangu, ambaye baridi yabisi imemla magoti. Chini nikakuta mabomba yamezungushwa kama matumbo ya mbuzi.

"Ya maji ya moto, Bibi. Yanapasha sakafu joto."

"Masikini mimi! Nchi hii, jua lote hili, mnachemsha na sakafu?"

"Njoo Januari, Bibi. Maji yanaganda ndooni."

Akanieleza tabaka walizochagua yeye na mhandisi, kijana wa Ibra ambaye wazee wake ni watu wa Pemba: kifusi kilichoshindiliwa, nailoni ya kuzuia unyevu, sponji ngumu ya kuzuia joto lisizame ardhini, wavu wa chuma, mabomba, halafu zege. Mabomba yangeweza kukaa juu ya zege, ndani ya lipu nyembamba, joto lije upesi. Lakini mgonjwa atakaa humo siku zote, kwa hiyo wakataka zege zima lishike joto usiku kucha. Vizuri. Nikainama, nikapenyeza mkono. Nailoni. Chini yake, kifusi. Sponji hamna!

Gari ya zege ilishafika, inanguruma mlangoni. Mhandisi, aliyekuja kusimamia umwagaji, akamwita fundi, na fundi akaapa: "Umesema niweke azili, nimeweka azili!" Kwa Kiarabu nailoni ya maji ni azili, na sponji ya joto nayo ni azili. Saruji yangu ile ile, imenifuata mpaka mlimani!

"Bibi, zege litaganda garini," Raya akasema, machozi yanamlenga.

"Halimwagwi zege hapa mpaka nipapase sponji."

"Sponji tutaiweka juu ya zege baadaye, bi mkubwa," akasema mhandisi.

"Juu? Moto ubaki chini umpashe nani, mchwa?"

Nikavua ndara, nikakaa juu ya mabomba. Nimestaafu, ndiyo, na magoti yangu nayo yanalia. Lakini zege likishakauka, vijana wangu, halisikii samahani ya mtu. Mwanangu angekanyaga barafu miaka yote, na sote tungesema azili ipo.

Raya akafuta macho, akaja kukaa ubavuni pangu. Mhandisi akashusha sauti. "Kwa hiyo gari lirudi, bi mkubwa?"

"Halimwagwi zege hapa mpaka nipapase sponji."