Salfa Ilikwisha, Machozi Yakabaki

Iko asubuhi moja ya kijijini Likunja ambayo mpaka leo naikumbuka, mwanangu, ingawa nimelala katika vijiji vingi na vingine nimeshavisahau hata majina. Nilikuwa kijana. Shule nilikuwa nimeiacha zamani, na kazi yangu ilikuwa kubeba mgongoni mashine ya kupulizia mikorosho salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu, leo Lionja, kesho Ruangwa, popote penye mtu wa kunipa kazi. Msimu ule nilifikia kwa dada yangu Somoe. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike, Fatu.

Mtoto yule alikuwa na macho makubwa. Sisemi makubwa kama tunavyosema tukimsifu mtoto. Makubwa kweli, na ile sehemu nyeusi karibu ijaze jicho zima. Wanawake waliokuja kumwona mzazi walimgombania.

"Somoe, haya macho umeyaazima wapi?" mmoja akauliza. "Baba yake akicheka, yake hata hayaonekani."

Lakini macho hayo yalitokwa na machozi mchana kutwa, na kila Fatu alipotolewa nje alificha uso kifuani kwa mama yake. Watu wakasema ni salfa. Nani angebisha? Msimu wa kupuliza, kijiji kizima kinanuka, majani yanakuwa na unga wa njano, na sisi wapulizaji tunarudi nyumbani macho mekundu kama tumepigwa. Kila mtu analia kidogo.

Asubuhi ninayokuambia, mashine yangu ilikuwa imeharibika, na kwa siku kadhaa hakuna aliyepuliza karibu yetu. Macho yangu yalikuwa yamepoa. Ya Fatu yalikuwa yanatiririka, tena akiwa ndani ya nyumba. Nikampakata, nikamsogeza mlangoni. Akayabana. Nikamrudisha gizani, akayafungua. Nikarudia, maana mimi kitu nikikitilia shaka siwezi kukiacha. Ilikuwa vilevile.

Kwetu, mwanangu, mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho juu yake ni la mjomba mkubwa. Kwa hiyo nikaenda kwa Mjomba Issa, kaka wa mama yetu, aliyekuwa amekaa barazani na wenzake.

"Mjomba, naona ya Fatu si salfa. Tumpeleke hospitali Nachingwea, wamwangalie macho."

"Wewe ulisoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Na watoto unao wangapi?"

"Sina, mjomba."

Barazani wakacheka. "Basi wewe puliza mikorosho," akasema, "watoto tuachie sisi. Salfa ikiisha, na machozi yatakwisha."

Nikacheka nao. Mashine ilipotengemaa nikaondoka kwenda Lionja, na jambo lile nikaliacha pale barazani.

Salfa ikaisha. Machozi hayakuisha, lakini watu wakawa wanachoma mashamba, ikasemwa ni moshi. Moshi ukapita, yakaja mavuno ya korosho, ikasemwa ni vumbi. Kila msimu ulikuja na sababu yake, na kila sababu ilimrudisha Somoe nyumbani kungoja. Halafu mvua ikanyesha, hewa ikawa safi, hakuna moshi wala vumbi. Ndipo alipoona jicho moja la mtoto limegeuka rangi, limepauka kama maji ya kuoshea mchele. Safari hii hakumuuliza mtu. Alimfunga Fatu mgongoni, akatafuta gari la Nachingwea, nami nilipopata habari nikawafuata huko.

Mganga wa macho alimmulika Fatu kwa tochi ndogo, jicho moja, kisha la pili.

"Hii ni presha ya macho," akasema. "Kuna watoto wanazaliwa nayo. Jicho linajaa maji kwa ndani, linatanuka. Ndiyo maana mnaliona kubwa. Machozi yalianza lini?"

"Hata arobaini yake ilikuwa haijafika," Somoe akajibu.

Yule mganga akazima tochi. "Mama, jicho hili limekwenda. Sasa tuliwahi hili lingine."

Wakatumwa Dar es Salaam, Fatu akapasuliwa, jicho moja likabakizwa, nalo si lenye nguvu. Waliporudi, Mjomba Issa alikuja akakaa mkekani, akamchukua mtoto. Akapeleka kidole upande wa jicho lililokufa. Mtoto hakugeuka. Akakipeleka upande wa pili, Fatu akakidaka na kukitia mdomoni. Mjomba alikaa hivyo mpaka chai aliyowekewa ikapoa.

"Nilikukatalia mara moja," akaniambia.

"Ndiyo, mjomba."

"Ukatosheka?"

Nikainama, nikaanza kukunja ncha ya mkeka.

"Mimi nilikosa kwa kutojua," akasema. "Wewe ulijua, ukaogopa kuchekwa."

Amekwisha kufa, Mungu amrehemu, na neno lile bado liko nami. Fatu sasa ni mtu mzima, yuko Ruangwa mjini. Akivuka barabara anageuza kichwa chote kama kuku anayesikiliza. Lile jicho lililobaki analitilia dawa kila siku, na mwaka huu ameniambia kwamba jioni hanitambui mpaka niseme.

Kwa hiyo, mwanangu, mtoto akizaliwa mtazame macho kabla hujayasifu. Yakitoa usaha siku za mwanzo, yakitiririka machozi, yakikimbia mwanga, ukiona weupe katikati ya mboni, au mtoto ameshakuwa wa miezi mitatu na hafuati uso wako unaposogea, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usitie maziwa ya mama, usitie dawa ya majani, usingoje msimu upite. Ukienda kliniki kumpima uzito, waombe wamwangalie na macho. Na kama aliyeona ni wewe, na wakubwa wamekukatalia, rudi useme tena. Wakicheka, waache wacheke, wewe useme.

Mwenyezi Mungu akulindie mwanao. Amjalie akuone mpaka uzeeni mwako, na akutambue kwa sura kabla hujafungua mdomo.