Siku Nilipoumenya Mti wa Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, siku ya jua katikati ya msimu wa mvua, nilisimama na panga mkononi mbele ya mti wa avoka wa mama mkwe wangu. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia, kama mwizi wa kuku. Hapakuwa na mtu. Nikaanza kuumenya mti magome.

Leo nina wajukuu wanaoniita koko, na kanisani wananipa kiti cha mbele, kwa hiyo ni vigumu kuamini kwamba mimi ndiye niliyefanya vile. Lakini nimeona siku hizi mnavyogombana kwa sababu ya miti ya nyumbani: huyu tawi lake limeingia kwa mwenzake, yule kivuli kimemharibia mboga, mwingine anakata bila kuuliza. Ndiyo maana nimeamua kukueleza aibu yangu. Mficha uchi hazai.

Mimi si mtoto wa milima hii. Nilizaliwa Walikale, ndani ya msitu, mahali ambapo jua likitoka tu joto limekwisha kukukalia mgongoni. Nyuma ya nyumba ya baba palikuwa na mingazi mitatu, ile michikichi ya mawese, na mti mmoja wa safu. Safu, kama hujaionja, ni tunda la zambarau, linatosha kiganja. Unalitia katika maji ya moto hadi lilainike, unalila na muhogo. Tulipotoka shuleni tulikimbilia pale kabla hata ya kuweka madaftari. Nilipoolewa na kuletwa huku Ngungu, kwenye milima ya Masisi, nilipewa kila kitu ambacho milima inacho: viazi, maharagwe, maziwa, na baridi. Sikupigwa, sikutukanwa. Ila moyo wangu ulikuwa umebaki kule chini, na mimi sikumwambia mtu.

Mume wangu alifanya kazi kwenye shamba la ng'ombe, huko wanakotengeneza fromaji, yaani jibini, akirudi Jumamosi tu. Siku nyingine zote nilikuwa na wazazi wake. Tuliwaita Papa Sifa na Mama Sifa, kwa jina la binti yao mkubwa. Papa Sifa alikuwa mtu wa kucheka. Mama Sifa alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kila asubuhi, kabla hajasalimia mtu, alichukua ufagio akafagia chini ya mti wake wa avoka, taratibu, mpaka udongo ukang'aa. Kisha ndipo aligeuka akasema, "Faida, uliamuka?" Basi mimi nikajiambia: mama huyu anapenda mti kuliko anavyonipenda. Hakuna aliyeniambia hivyo. Moyo wa mgeni una masikio marefu, mwanangu. Husikia hata ambayo hayakusemwa.

Mwaka ule kaka yangu alinitumia miche minne ya safu kutoka nyumbani, kila mmoja ndani ya kopo lake, ikasafiri juu ya lori katika njia ile mbovu unayoijua. Niliipokea kama watoto. Nikaipanda nyuma ya jiko, karibu na ule mti wa avoka, kwa sababu ndipo palipokuwa na nafasi. Haikumaliza mwezi. Majani yakaanza kuwa meusi pembeni, miche miwili ikakauka kabisa. Nikainua macho, nikaona matawi ya avoka yamefunika anga. Nikasema, adui yangu ni huyu.

Ungeniuliza, kwa nini sikwenda kwa mama mkwe nikamwambia, Mama, miche yangu inakufa? Hata mimi nimejiuliza miaka mingi. Nilimwogopa, na kuogopa kwangu nilikuita heshima.

Ikatokea Sifa amejifungua kule Bweremana, kando ya ziwa. Mama Sifa akafunga kitenge, akaenda kumlea mzazi kwa wiki mbili. Siku ya pili baada ya kuondoka kwake, Papa Sifa alipokwenda shambani, mimi nikatoa panga.

Sikutaka kuangusha mti, maana kila mtu angesikia. Kwetu Walikale nilikuwa nimeona wanaume wanaofungua shamba jipya wanavyofanya na mti mkubwa: wanaumenya magome kuuzunguka wote, kisha wanauacha ukauke wenyewe polepole. Nilifikiri, ukifa hivyo nani atauliza? Nitasema ni ugonjwa. Nikakata mviringo wa juu, nikakata mviringo wa chini, nikabandua gome la katikati, upana wa viganja viwili. Mti ukabaki mweupe pale, umelowa, kama mguu wa mtu aliyechubuka. Harufu yake ilinipanda puani. Nikaleta mabua ya maharagwe, nikayarundika kuzunguka shina mpaka juu ya kidonda, nikaosha panga.

Nilidhani nitafurahi. Lakini siku ile na kesho yake nilikwenda kila saa kuangalia kama mabua hayajateleza.

Aliyenifichua ni mbuzi. Siku ya tatu alikata kamba, akaenda moja kwa moja kwenye mabua yangu, akala bila haraka kama mtu aliyealikwa harusini. Papa Sifa alipokuja kumfukuza, akaona. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi.

"Faida," akaita. "Kuya hapa."

Nilikwenda na kisu cha viazi bado mkononi.

"Nani alivua huu muti nguo?"

Nikafungua kinywa niseme sijui. Uongo ukanishinda. Nikapiga magoti palepale kwenye matope. "Njo miye, Papa."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele! Alikaa juu ya kinu kilichokuwa kimelazwa, akaniuliza, "Juu ya nini?" Nikamwonyesha miche ya safu. Nikamwambia habari ya kivuli, nikamwambia pia, nikilia, kwamba nimechoka kuwa mgeni.

Mzee akageuza jani moja jeusi kwa kidole, akatikisa kichwa. "Mutoto yangu, safu haiogope kivuli. Safu inaogopa baridi. Hata ungekata miti yote ya Masisi, safu haiwezi kukomala huku. Umechapa muntu mwenye hana kosa."

Neno lile liliniingia kuliko fimbo. Nikamwuliza kama mti utakufa. Akasema, "Tukiuacha, utakufa. Lakini ni siku tatu tu. Simama, utanisaidia. Kulia utalia kisha."

Kumbe katika ujana wake Papa Sifa alikuwa amefanya kazi kwenye shamba kubwa, plantasyo, upande wa pepinyeri, pale wanapolelea miche. Panya walikuwa wakiguguna magome ya miti, nao wafanyakazi walifundishwa kuiponya. Alipanda juu ya avoka ile na umri wake wote, akakata vijiti sita vilivyonyooka, unene wa kalamu. Akachonga kila kijiti ncha zote mbili. Kisha akapasua gome kidogo chini ya kidonda, na kidogo juu yake, akachomeka ncha moja chini na nyingine juu, kijiti kikavuka ile sehemu nyeupe kama daraja linavyovuka mto. Kimoja akafanya yeye. Cha pili akanipa mimi.

"Angalia vizuri. Kichwa kwa juu, mukia kwa chini, vile kilikuwa kwa tawi. Ukigeuza, maji ya muti haitapita."

Hata hivyo nikaharibu viwili. Hakuninyang'anya. Alipanda tena akakata vingine. Tulipomaliza tulivifunga kwa kamba za mgomba, tukaziba kila mahali kwa nta ya nyuki, juu yake tukapaka udongo mfinyanzi uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Mti ulikuwa kama mgonjwa aliyetoka hospitali.

Nilimshukuru, nikamwomba kitu kimoja: tusimwambie Mama. Hapo ndipo aliponitazama kwa ukali kwa mara ya kwanza.

"Kidonda ya muti nimekusaidia kufunga. Ile ingine utafunga weye mwenyewe."

Mwanangu, siku zilizobaki kabla ya Mama Sifa kurudi sikulala vizuri. Nilihesabu nguo zangu. Nilijua ni zipi nitazifunga kama nitarudishwa kwetu. Mume wangu alikuja Jumamosi, nikamwambia, naye akasema tu, "Mama akisema uende, mimi sitajua la kufanya." Hakunifariji, lakini hakunidanganya.

Mama Sifa alifika na samaki wa ziwani wamefungwa kwenye majani, uso wake umejaa habari za mjukuu. Hata hakuketi. Alikwenda kwenye ufagio wake, na pale akauona mti na bandeji yake. Nikamfuata. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliogopa kwamba nikipiga magoti ataona namfanyia mchezo. Nilimaliza kwa kusema, "Ukinifukuza, Mama, iko haki yako."

Alipapasa ule udongo uliokauka, polepole, kuzunguka shina zima. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Tulikimbia vita mara mbili. Mara ya pili tuliporudi, nyumba iko majivu, mashamba wengine wamevuna. Kitu tulikuta ni huu muti, umezaa mpaka matawi inagusa chini. Tulikula avoka asubuhi, tukakula midi, tukakula mangaribi, mpaka maharagwe mapya ilikomala. Bwana yako alikuwa mudogo, njo alipona hivyo." Akapangusa udongo mikononi. "Miye naufagilia kila siku juu ya kusema aksanti. Sikukuambia. Sasa weye nawe, mbona hukuniambia kama unakumbuka kwenu?"

Nikamwonyesha ile miche miwili iliyobaki, pale chini ya kivuli.

"Ungesema tu, Mama, nataka jua. Ningeita Papa Sifa akate matawi mbili. Ni kazi ya nusu saa, Faida."

Akanipa samaki nikawapike. Nilisimama pale na samaki mikononi, nikitazama mgongo wake ukiingia nyumbani. Kumbe sifukuzwi. Nilikaa chini nikalia na kucheka pamoja, hata yule mbuzi akanitazama.

Sikuambii kwamba kila kitu kilipona palepale. Kwa wiki kadhaa mti uliangusha majani mpaka tulikata tamaa, na kila jani lililoanguka lilikuwa kama mtu ananinyooshea kidole. Vijiti viwili vilikauka. Lakini vinne vilibaki na rangi, kisha vikaanza kunenepa. Mvua za msimu uliofuata zilipoanza, asubuhi moja nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia, Mama Sifa anapiga vigelegele, yeye wa maneno machache. "Faida! Kuya uone! Kuya mbio!" Juu kabisa, kwenye ncha za matawi, majani machanga mekundu yalikuwa yametoka. Alinishika mkono. Tulisimama tumeinua vichwa kama watoto wanaotazama ndege, na nilijisikia kama mtu aliyetua mzigo wa viazi baada ya kupanda mlima mzima.

Papa Sifa akakata matawi mawili, jua likaingia. Nikapewa nafasi yangu mwenyewe kando ya ukuta, nikapanda mndimu. Safu ilikuja kuliwa pia: kaka yangu alituma kapu zima. Mama Sifa alionja moja, akakunja uso, akasema, "Iko kama sabuni." Kisha akala nne.

Sasa sikiliza, mwanangu. Unapoingia katika kiwanja cha watu, iwe umeolewa, iwe umenunua, iwe umepangishwa, usiguse mti kabla ya kuuliza nani aliupanda na kwa nini. Mti wa nyumbani si kuni zilizosimama. Kuna uliolisha watoto, kuna unaoonyesha mpaka, kuna ambao mtu aliupanda akiwa na huzuni yake. Na jirani akiuliza habari ya wako, mweleze. Usifagie kimya kimya kila asubuhi ukadhani ataelewa. Mama Sifa mwenyewe alikubali kwamba sehemu ile ilikuwa kosa lake. Kivuli kikikusumbua, sema. Ukikumbuka kwenu, sema pia. Kinywa kinafanya kazi kwa nusu saa, panga linakata kazi ya miaka ishirini. Na kama tayari umekosa, usirundike mabua juu ya kidonda. Wahi siku ya tatu, usingoje ya thelathini, kwa maana kuna mengi yanayofungika bado yakiwa mabichi.

Mungu akupe kiwanja chenye kivuli na chenye jua. Akupe wakwe watakaokuuliza, na ulimi wa kuwajibu. Usikimbie vita, watoto wako wasikimbie, na utakachopanda mwaka huu ukile ukiwa umekaa kwako, na meno yako yote kinywani. Amina.