Nimemkalisha Bibi pasipo pake

Leo nimemkalisha bibi yangu na mtu asiyemsalimia. Bahati mbaya tu!

Jamani, kanisa letu hapa Mbalizi lilijaa. Bibi haoni vizuri, nikamweka kwenye nafasi iliyobaki.

Pembeni yake nani? Bibi Sekela!

Hawasemeshani tangu miaka ya hamsini. Walikuwa wasichana, wanabeba maji ya kujengea kanisa hilohilo, mtungi ukavunjika, ukamkata Sekela kidole gumba, wakalaumiana.

Mchungaji akasema tushikane mikono, tutakiane amani.

Bibi akaushika ule mkono, akapapasa kovu la kidole gumba.

"Sekela? Mbona umekonda hivi?"

"Nakula peke yangu. Nitanenepaje?"

Sasa wako kwetu, wanakula ndizi na kubishana nani alivunja mtungi.

Bibi ananisifu kwa kuwapatanisha. Nimwambie ukweli, au ninyamaze?