Dirisha la Mama Mwenye Nyumba

Pale Mtongwe, kila asubuhi nilifua nguo uani nikiimba nyimbo za kanisani. Katika nyumba ile Mkristo nilikuwa mimi peke yangu, na hakuna aliyewahi kunikataza. Mama mwenye nyumba alipougua, niliacha kuimba. Nilijiambia ni heshima, kumbe niliwaogopa wageni waliokuja kumsomea Yasini. Nilimpelekea uji, nikamwamkia, nikamwombea kimoyomoyo kama mwizi.

Siku ya maziko nilijitanda leso, nikaketi mkekani na wanawake wenzangu. Binti yake akanisogelea.

"Mama aliona haya kukuuliza tumekukosea nini," akasema. "Kila asubuhi alituambia tufungue dirisha, akangoja."

Nami nilikuwa pale pale chini ya dirisha, nikifua kimya.